Mpango wa Parokia Unaanzia Wapi? Morogoro, Uluguru na Swali la Kuhuisha Imani

Mipango imejaa katika matangazo ya Dominika. Kuna mpango mkakati wa parokia, kuna mpango kazi wa mwaka wa Halmashauri ya Walei, kulikuwa na maandalizi ya Jubilei ya 2025, na sasa kuna utekelezaji wa Sinodi iliyomalizika Oktoba 2024. Kwa ratiba iliyotangazwa na Vatikani Machi 2025, utekelezaji huo utapitia tathmini za majimbo mwaka 2027 na kufikia mkutano mkubwa wa Kanisa Oktoba 2028. Muumini wa benchi la nyuma, awe wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrisi mjini Morogoro au wa kigango cha mbali huko Tegetero, ana haki ya kuuliza yote haya yanamhusu vipi, na yatamsaidia kusali na kuishi vizuri zaidi kwa njia gani.

Majibu anayopata yanagongana. Wapo wanaomwambia kwamba parokia isiyo na mpango ulioandikwa itabaki inadorora. Wapo wanaosema imani haihuishwi kwa vikao, inahuishwa kwa sala, mafungo na kitubio. Wengine wanamkumbusha kwamba Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zilishaanzishwa kwa kazi hiyohiyo, basi kuna haja gani ya karatasi nyingine? Na chini kwa chini lipo jibu la nne, lile ambalo halisemwi kikaoni: huu ni mchango mpya unakuja. Mkanganyiko huu si wa waamini wasioelewa. Umezaliwa na historia, na bila kuifuata historia hiyo ni vigumu kumtendea haki yeyote kati ya hawa.

Msingi wa misheni na ulivyopasuka

Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, kisha wakaingia bara hatua kwa hatua: Mhonda 1877, Morogoro 1882, Matombo 1897. Utaratibu wao ulikuwa mmoja. Misheni ilikuwa kituo chenye mapadre, kanisa, shamba na karakana. Kuizunguka kulikuwa na vishule vya vijijini, na katika kila kishule mwalimu ambaye pia alikuwa katekista. Padre alipita kwa miguu, akabatiza, akaungamisha, akaondoka. Mwalimu alibaki. Katika Uluguru, ambako kutoka bonde moja hadi la pili ni kupanda na kushuka karibu kutwa nzima, imani ya kila siku ilibebwa na mtu huyu: ndiye aliyefundisha watoto sala, aliyezika, aliyesuluhisha, aliyeongoza ibada Dominika ambayo padre hakufika.

Utaratibu huo ulikuwa na kasoro zake. Maamuzi yote yalikuwa ya padre, na mambo mazito ya maisha ya Waluguru, kama unyago wa wasichana, matambiko na ardhi inayofuata ukoo wa mama, yaliendelea kuamuliwa nyumbani bila Kanisa kuyagusa kwa kina. Lakini kila kijiji kilikuwa na mtu wake.

Mwaka 1969 mambo mawili yalitokea, na nadhani hatujayasoma pamoja vya kutosha. La kwanza, Sheria ya Elimu ya mwaka huo iliweka shule za misheni mikononi mwa serikali. Kazi ya ualimu na kazi ya ukatekista, ambazo zilikuwa zimeanza kuachana, zikatengana kabisa: mwalimu akawa mtumishi wa serikali mwenye mshahara, katekista akabaki mkulima anayejitolea. La pili, mwaka huohuo maaskofu wa Tanzania waliendesha mwaka wa semina nchi nzima ili kuyatafsiri mafundisho ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano katika maisha ya hapa. Mazungumzo yale yalichangia kuandaa njia ya jumuiya ndogondogo. Nguzo ya zamani ya kigango iliondolewa wakati uleule nguzo mpya ilipokuwa inachongwa, na haikuwa tayari kubeba uzito.

Shirikisho la maaskofu wa Afrika Mashariki, AMECEA, lilijadili mwaka 1973 mipango ya Kanisa kwa miaka ya 1980, na mwaka 1976 likaamua kwamba ujenzi wa jumuiya ndogondogo ndio uwe kipaumbele cha kichungaji. Huko Rulenge, Askofu Christopher Mwoleka alikwenda mbali zaidi kwa kuishi katika kijiji cha ujamaa. Sinodi ya Afrika ya 1994 ikaja na picha ya Kanisa kama Familia ya Mungu, na waraka wa Papa Yohane Paulo II wa 1995 ukazithibitisha jumuiya hizo. Kwa hiyo wanaotenganisha jumuiya na mpango, kana kwamba moja ni uhai na nyingine ni karatasi, wanasahau kuwa jumuiya zenyewe ni tunda la mpango wa maaskofu uliopangwa kwa miaka mingi.

Wanaotaka mpango mkakati

Hoja ya kundi hili ina mizizi katika hali halisi. Misaada kutoka Ulaya ilipungua kadiri wamisionari wa kizungu walivyopungua, na Kanisa lililolelewa katika miaka ya Azimio la Arusha likakubali kwamba kujitegemea ni wajibu. Parokia inayojitegemea inahitaji mahesabu, vipaumbele na watu wanaowajibika. Isitoshe paroko huhamishwa. Pasipo mpango ulioandikwa, kila paroko mpya huanza upya, na kila kilichoanzishwa na aliyemtangulia hufa naye anapopakia mizigo. Hili peke yake linatosha kuutetea mpango.

Tatizo linaonekana ukiufungua mpango wenyewe. Mara nyingi ni jedwali lenye safu za lengo, shughuli, mhusika, muda na bajeti, mtindo uliozoeleka katika miradi ya maendeleo. Kwenye mstari wa nyumba ya mapadre utakuta idadi ya mifuko ya saruji, idadi ya mabati, jina la fundi na mwezi wa kupaua. Kwenye mstari wa kuimarisha maisha ya kiroho utakuta "semina", mhusika "paroko", muda "mwaka mzima". Mwisho wa mwaka mstari wa kwanza unafuatiliwa kwa sababu unahesabika. Wa pili haumwamshi mtu usingizini. Hakuna aliyekusudia kuiweka imani nyuma ya saruji. Ni jedwali lenyewe linaloisukuma huko, kwa sababu waandaaji hawakujiuliza kwa uzito uleule ni watu gani, wa kigango kipi, watakuwa wamebadilika kwa namna gani.

Ndiyo maana muumini anapousikia mpango anashika mfuko. Uzoefu wake umemfundisha hivyo, na padre anayemlaumu kwa ugumu wa moyo anamwonea.

Wanaomwachia Roho Mtakatifu

Uamsho wa Karismatiki Katoliki ulizaliwa Februari 1967 miongoni mwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duquesne huko Pittsburgh, Marekani, chuo kinachomilikiwa na shirika lilelile la Roho Mtakatifu lililoileta Injili Morogoro. Leo vikundi vyake, pamoja na novena, mikesha, hija na mafungo ya aina mbalimbali, ndivyo vinavyowajaza watu wengi mjini. Vinagusa kile ambacho jedwali halikigusi: ugonjwa usiopona, ndoa iliyovunjika, hofu ya uchawi, kijana asiye na kazi. Mkatoliki ambaye parokia yake haina nafasi ya kuombewa atakwenda anakoombewa, na mahema ya manabii hayako mbali na kanisa lake.

Udhaifu wa njia hii ni wa mahali na wa muda. Mafungo ya siku tatu humwasha mtu, kisha humrudisha kwenye jumuiya ambayo haijabadilika. Na mengi hufanyika panapofikika kwa gari. Hapo kuna jambo dogo ambalo wapangaji wa mjini hulipita: Pasaka daima huangukia kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili. Hicho ndicho kipindi cha masika. Kwaresima, msimu ambao Kanisa linauwekea nguvu zake zote za toba na upyaisho, inaishia pale barabara za Matombo, Tawa na Singisa zinapokuwa na utelezi mkubwa na mashamba yanapodai mikono yote ya nyumbani. Mafungo ya Kwaresima yanayofanyika makao makuu ya parokia yanamfikia aliye jirani na lami. Mama wa kigango cha juu hubaki na palizi yake, naye huhesabiwa miongoni mwa waliopoa.

Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake wa Januari 2001 wa kufungua milenia ya tatu, aliuweka utakatifu kuwa msingi wa mipango yote ya kichungaji, akikumbusha kwamba mpango wenyewe tayari upo, nao ni Kristo. Wanaomtumia kupinga mipango humsoma nusu. Waraka huohuo unayataka Makanisa mahalia yapange kwa kina, kila moja kwa mazingira yake.

Wanaosema jumuiya inatosha

Hawa ndio walio karibu zaidi na ukweli, na ndio wanaostahili kuulizwa maswali magumu zaidi.

Jumuiya ni familia chache za majirani wanaokutana kila wiki nyumbani kwa mmoja wao. Njia inayotumika sana ya kushirikishana Neno ni ile ya hatua saba, iliyotoka katika taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini: kumkaribisha Bwana, kusoma, kurudia maneno yaliyogusa, kukaa kimya, kushirikishana, kuangalia kazi ambayo jumuiya inaitiwa, kisha kusali. Uzito wake uko katika hatua ya sita. Hapo ndipo Neno lililosomwa linageuka kuwa mgonjwa wa kutembelewa, watoto wasiokwenda mafundisho, wajane wanaonyang'anywa shamba, mume na mke waliotengana. Hapo watu ambao hawajawahi kuona jedwali la mkakati wanapanga: nani aende, lini, na atarudi kutueleza nini wiki ijayo.

Sasa tuangalie kinachotokea asubuhi ya Jumamosi. Wimbo, sala ya mwanzo, Injili ya Dominika inayofuata. Mama mmoja anasema neno lililomgusa, mwingine analirudia. Kimya kinakuwa kifupi kwa sababu muda umekwenda. Kisha katibu anafungua daftari: zaka, tegemeza parokia, mchango wa ujenzi, mchango wa ugeni wa askofu, sare ya kitenge. Majina ya ambao hawajamaliza yanasomwa. Hatua ya sita imeliwa na daftari. Asiye na hela anatafuta sababu ya kutokuja wiki ijayo, na wanaume, ambao wengi wao walikwishaacha kuja, wanaona walikuwa sahihi. Kisha siku ya ubatizo wa mtoto au mazishi ya mzazi, barua ya jumuiya inadaiwa. Chombo kilichobuniwa ili jirani amjue jirani yake kinatumika kuthibitisha nani amelipa.

Halmashauri hazina nia mbaya. Jumuiya ndicho chombo pekee kinachofika kila kaya, basi kila hitaji la parokia, dekania na jimbo linapitia humo. Kinachokosekana ni mtu wa kusema kwamba mlango huu ukipitisha kila kitu, utaacha kupitisha Injili.

Mlima uliwahi kukataa mpango mzuri

Uluguru ina kumbukumbu ambayo wapangaji wa leo wangefaa kuisoma kwa makini. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilileta mpango wa kuhifadhi ardhi ya milima. Nia ilikuwa na mantiki: udongo ulikuwa unaporomoka, mito inayonywesha tambarare ilikuwa hatarini. Watu wakalazimishwa kuchimba matuta ya ngazi. Katika miteremko mingi matuta yale yalifukua udongo usio na rutuba, mavuno yakashuka, na watu wakaanza kuhofia kwamba ardhi ya koo zao inachukuliwa. Julai 1955 hasira ilipasuka Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Mpango ukafa naye.

Lakini upande wa Mgeta matuta yapo hadi leo. Yanalimwa kabichi, njegere na viazi vinavyopelekwa masoko ya Morogoro na Dar es Salaam. Yalidumu kwa sababu udongo, maji na soko vilimpa mkulima jibu aliloliona kwa macho yake, na kazi ya kuyatunza ikawa yake.

Parokia haitumii polisi, hilo ni kweli. Hata hivyo inaweza kufanya kosa la aina ileile: kuandaa jambo jema mahali pengine, kulishusha kwa agizo, na kuuita ukimya wa watu utii. Chukua suala la ndoa. Mipango mingi ina mstari wa kuhamasisha ndoa za Kikristo. Katika Uluguru, mwanamume mara nyingi hulima ardhi ya ukoo wa mkewe, na mjomba ana sauti katika mambo ya nyumba. Ndoa ya kanisani, pamoja na matarajio yake ya familia moja yenye mali ya pamoja, inagusa maswali ya ardhi na urithi ambayo wanandoa wawili hawana mamlaka ya kuyaamua peke yao. Semina ya ndoa isiyowaita wajomba na wazee wa ukoo inazungumza na watu wasioshika ufunguo. Jumuiya ya pale kijijini inalijua hili, mwandishi wa mpango mjini anaweza asilijue.

Sheria inatoa nafasi gani

Kanuni ya 537 ya Sheria za Kanisa za 1983 inalazimisha kila parokia kuwa na halmashauri ya uchumi. Kanuni ya 536, inayohusu halmashauri ya kichungaji, inaacha uamuzi kwa askofu, na kura ya halmashauri hiyo ni ya ushauri tu. Kwa maneno mengine, sheria ilihakikisha hesabu za fedha zina chombo, huku hesabu za roho zikitegemea hiari. Hati ya mwisho ya Sinodi ya Oktoba 2024 inataka vyombo vya ushiriki viwe vya lazima na vifanye kazi kweli, na uwajibikaji uhusishe utendaji wa kichungaji, si fedha peke yake. Badiliko hilo likiingia parokiani, litakuwa na faida kubwa kwa walei, na pia kwa paroko ambaye leo anabeba lawama za kila kitu. Hatari yake ni kuongeza vikao kwa watu walewale watano wanaokaa katika kila kamati.

Kupima

Nikizipima hoja hizi, siwezi kuwaunga mkono wanaotaka mpango utupwe. Bila mpango, parokia hupangwa na dharura pamoja na anayepiga kelele zaidi, na vigango vya mbali havina sauti ya kupiga kelele. Wala siwezi kukubali kwamba mafungo na mikesha vitaziba pengo la malezi ya kila wiki. Wanaotetea jumuiya wana haki juu ya mahali pa kuanzia, ila wasidhani jumuiya ilivyo sasa inaweza kuhuisha chochote kabla ya kurudishiwa kazi yake.

Kwa hiyo mpango wa kichungaji uanzie kwenye hatua ya sita. Kila jumuiya ilete jambo moja lililotokana na Neno walilosoma, kigango kiyapange, na halmashauri ya parokia ipokee kazi ya kuyahudumia badala ya kuyabuni. Njia hii ni ya polepole. Itachukua mwaka mzima kabla ya karatasi ya kwanza kuandikwa, na yatakayoletwa hayatafanana: Mgeta wataleta vijana wanaokimbilia soko la Kariakoo, Dar es Salaam, na mizigo ya mboga wasirudi, mjini wataleta wanafunzi wa vyuo vikuu vya Sokoine na Mzumbe wanaoabudu miaka mitatu bila jumuiya kuwajua. Paroko anayependa ripoti safi atapata shida. Ni gharama inayostahili kulipwa.

Njia hii ina masharti mawili. La kwanza ni kwamba fedha iondolewe kwenye kusanyiko la Neno. Parokia inahitaji michango, na waamini wa Morogoro wameonyesha ukarimu mkubwa wa kujenga makanisa yao. Ila daftari lipewe siku yake na watu wake, na sakramenti isisubiri risiti. Baadhi watachangia kidogo zaidi mwanzoni, na ujenzi utachelewa. Afadhali uchelewe.

La pili, ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi, ni katekista. Mei 2021 Papa Fransisko aliuanzisha ukatekista kama huduma rasmi ya Kanisa. Mlimani huduma hiyo ilikuwepo muda mrefu kabla ya hati, ikibebwa na watu ambao tangu 1969 tumewaachia kazi bila kuwapa njia. Katekista wa kigango anaongoza ibada, anafundisha kipaimara, anazika, kisha anarudi kulima. Mpango wowote wa kuhuisha imani Uluguru ungepaswa kuanza bajeti yake kwa mafunzo yake, vitabu vyake, posho yake na matibabu ya familia yake, kabla ya bati la kwanza. Na mafungo yafuate alipo yeye: padre apande kigangoni kati ya Julai na Septemba, mvua zikiwa zimekatika na njia zikipitika, akae siku kadhaa, aungamishe, asikilize, alale kwa watu. Kwaresima itabaki pale kalenda ilipoiweka, lakini maandalizi ya mioyo yanaweza kufanyika wakati watu wana nafasi.

Ramani yenyewe imebadilika. Machi 2025 Papa Fransisko aliunda Jimbo la Bagamoyo kutoka sehemu ya Jimbo Kuu la Dar es Salaam na sehemu ya Morogoro, na hivyo Morogoro ikaachana na misheni iliyoizaa. Kilichobaki ni jimbo lenye mji unaokua, tambarare za wakulima na wafugaji, na milima ile. Tathmini ya 2027 itakapofika, kila parokia itaandika imefanya nini. Wahusika wakipanda hadi kigango cha mwisho, wamuulize katekista wa pale maswali matatu: ni nani aliyekuuliza kabla ya kupanga, ni kipi kimebadilika katika jumuiya zako, na ni lini mara ya mwisho padre alilala hapa.